Madamu Asirudishwe

Miaka ile ukitaka intaneti ulikwenda mjini. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la intaneti hapo Moshi, karibu na soko, chumba chembamba chenye kompyuta zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Nilikuwa nawasha mashine, nawafungulia watu barua pepe, na kuwachapia wasiojua kuchapa. Jumamosi mchana nilipanda nyumbani Marangu, Jumatatu asubuhi nikashuka. Mpaka leo nausikia ule mlio wa simu ikitafuta laini, na wateja wakishangilia ukurasa ukifunguka.

Huko Marangu ndiko alikokuwa akiishi Madamu. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwalimu wa Kifaransa, mjane mwenye binti mmoja. Usharika wetu wa Kilutheri ulimpa chumba nyuma ya ukumbi, naye alikuwa na kibali cha kukaa nje ya kambi. Alipoona waongoza watalii wanahangaika na wageni wanaosema Kifaransa, akaanzisha darasa. Kaka yangu, aliyekuwa mwongozaji, akawa mwanafunzi wake. Msimu wa mvua, wageni wakiwa wachache, wanaume wazima walijibana kwenye mabenchi ya watoto wa shule ya Jumapili, wakirudia kwa pamoja namna ya kumwambia mgeni atembee polepole na anywe maji. Madamu alipiga meza: "Midomo! Fanyeni midomo kama mnapuliza chai!" Sisi tuliokuwa nje tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Halafu kibali kikaisha. Alipokwenda kukihuisha aliambiwa hakitaongezwa tena. Kwao kumetulia, akaambiwa, kwa hiyo mwisho wa mwezi yeye na binti yake watasafirishwa hadi mpakani. Lakini kijijini kwao ndiko mumewe alikouawa, na waliomuua walikuwa bado wanaishi palepale.

Siku hiyo hakupita kwake, alikuja moja kwa moja jikoni kwetu. Akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi pamoja na mama.

"Kuna nini, mwanangu?" mama akamwuliza.

"Wananirudisha, mama."

Mama akaacha kumenya.

Kaka yangu na wenzake walikuwa na anwani za barua pepe za wageni waliowapandisha mlimani, kadi nyingi tu kwenye kopo la biskuti. Jumatatu akashuka nami mjini akiwa na maneno aliyoyaandika kwenye karatasi. Nikachapa. Yalianza kwa herufi kubwa: DUNIA AMKENI, MAMA ANAPELEKWA KUCHINJWA. Alieleza jinsi mume alivyouawa, akataja kijiji, akataja jina la binti na shule anayosoma, kisha akaitukana serikali.

"Madamu ameyasoma haya?" nikamwuliza.

"Asome ya nini? Sisi tunamwokoa."

Kabla sijasema la zaidi, akanyoosha mkono akaituma barua ile kwa mgeni wake mmoja wa Ubelgiji. Nilimzuia asiendelee. Nikachapisha nakala moja, nikamwambia tupande nayo jioni ileile tukamwonyeshe mwenyewe.

Madamu aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alivua miwani.

"Mdogo wangu," alimwambia kaka, "humu ndani mimi nimeshakufa. Na binti yangu mmemtaja jina. Unafikiri wale wa kule hawasomi intaneti?"

Kaka aliangalia chini. "Samahani, Madamu. Tulitaka watu wakuonee huruma."

"Huruma hiyo wataipeleka wapi? Waambieni nani wa kumwandikia, na wamwombe nini."

Akavuta kiti, akaanza kuandika yeye. Kwanza alijieleza: ni nani, anafundisha nini, ameishi Marangu tangu lini. Kisha amri aliyopewa. Kisha ombi moja tu: kibali chake kiongezwe mpaka kesi yake isikilizwe upya. Akaweka anwani na namba ya faksi ya ofisi inayoamua. Akaomba kila mtu aandike kwa maneno yake mwenyewe, kwa heshima, aseme amemfahamuje yeye au wanafunzi wake. Mtu asiitukane Tanzania, kwa sababu ndiyo iliyompokea. Na mwisho wa mwezi ukipita, mtu asiandike tena mpaka asikie kutoka kwetu. Jina la binti halikuwemo, wala kifo cha mumewe zaidi ya sentensi moja.

"Haina moto hii," kaka alinong'ona.

"Moto watatia wao," Madamu akasema. "Na hapa je, nani ataandika? Wataniuliza majirani zangu wako wapi."

Hapo ndipo kazi ilipoanza kwa kweli. Mchungaji akaandika, padre wa parokia ya jirani akaandika, akina mama wa usharika wakaandika. Mama yangu, ambaye kalamu alikuwa anaishika siku za vikao tu, alikaa mezani mchana kutwa na hakutaka msaada wa mtu.

Mimi nilituma maombi yale kutoka dukani. Mashine ilikataa kupeleka kwa watu wengi kwa mpigo, ikanibidi nitume moja moja, kila moja nikianza na jina la mgeni na jina la mwongozaji aliyempandisha. Umeme ulikatika, ukarudi, nikaanza tena. Nilichukia ule uchovu, lakini watu walijibu kwa sababu waliitwa kwa majina yao. Mama mmoja wa Ufaransa, aliyewahi kuugua mlimani kaka akamshusha mgongoni, aliandika usiku uleule na kuwaandikisha majirani zake. Yule Mbelgiji aliyepata maneno ya kwanza alijibu kwa hasira: alitaka awaambie watalii wote waususie Kilimanjaro. Tulimjibu kwa upole kwamba hapo wapagazi ndio watakaolala njaa, na Madamu bado atarudishwa. Akaelewa, akaandika faksi yenye adabu.

Kabla ya mwisho wa mwezi Madamu aliitwa ofisini. Tulikwenda naye, mchungaji, mama na mimi. Tulimkuta mzee mmoja mwenye macho ya kuchoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ninyi ndio watu wa Marangu? Mmenimalizia karatasi za faksi." Hakucheka. Akavuta karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. "Hii ya nani?"

"Yangu, baba," mama akasema.

"Umeandika kwamba huyu ni mtu wenu, na anajua kupika mtori wa ndizi. Anajua kweli?"

Mama akafikiri. "Mwanzoni ulikuwa mzito mno. Sasa anajua."

Yule mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kesi itasikilizwa upya, na kibali kitaongezwa wakati wa kusubiri. Tulipotoka nje Madamu alikaa kwenye ngazi, akalia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mama alikaa pembeni yake, akamshikia mkoba.

Baadaye alikubaliwa kukaa. Tukawaandikia wote: asanteni, sasa simamisheni. Walioandikiwa na Madamu wakasimama. Lakini ile barua ya kaka ilikuwa imeshatoka kwa Mbelgiji ikaenda kwa marafiki zake, na haikusema watu waache lini. Kwa miaka watu nisiowajua waliendelea kuniuliza kama yule mama ameshachinjwa, ilhali yeye yuko sokoni anagombana na muuza maharage. Nilikuwa namjibu kila mmoja: mzima, anafundisha.

Nchi yake ilipotulia kweli, Madamu alirudi. Hakuna aliyempeleka, alijikatia tiketi mwenyewe, na mtaa mzima ukashuka kumsindikiza. Mama hakuweza kushuka, miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua, wakaagana kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba. Madamu alisema anataka akaone kama mparachichi alioupanda mumewe bado upo.

Ulikuwepo. Alitutumia picha, yeye na binti yake wamesimama chini yake, na mama akaomba nimkuzie ile picha ili aone vizuri kama umezaa.