Limeshatunga

Mkalimani wa bunge alijua kuongea kwa mikono kabla ya mdomo, kwa sababu mama yake ni kiziwi. Siku nzima husimama mbele ya kamera na suti yake nyeusi, akigeuza kelele za waheshimiwa kuwa ishara. Jioni viganja humuuma kama mtu aliyeshinda akifua mablanketi.

Wiki ile ulijadiliwa muswada wa kuweka wakalimani hospitalini. Kutwa ni kutunga sheria, kutunga sheria. Ishara yake ni ngumi juu ya kiganja, kisha vidole vinavuta kama vinatunga shanga. Alhamisi muswada ukapita, meza zikapigwa.

Nyumbani alimkuta mama yake mbele ya televisheni, mguu wenye jipu juu ya stuli.

"Imepita," mama alisema kwa mikono. "Kesho naenda zahanati mwenyewe. Wewe lala."

"Bado, mama. Mpaka itiwe saini, halafu itangazwe, halafu ndiyo..."

"Halafu, halafu! Mikono yako ilisema imepita."

Binti hakuwa na nguvu za kubishana. Asubuhi wakaenda wote wawili. Daktari alilibonyeza jipu, akamtazama binti badala ya mgonjwa.

"Mwambie limeshatunga usaha. Tunalipasua leo."

Mkalimani akatafsiri huku kope zikimwanguka. Ngumi juu ya kiganja, vidole vikavuta.

Mama akakodoa macho. "Wametunga sheria mguuni mwangu?"

Binti akaitazama mikono yake kama ya mtu baki. Kicheko kikambana, cha uchovu, mpaka machozi yakamtoka. Mama naye akacheka. Daktari alibaki ameduwaa, ikabidi aelezwe: mdomoni ni neno moja, mikononi ni mawili.

Daktari akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mama. "Na pole inasemwaje?"

Mama akamwonyesha. Daktari akakosea, akarudia, ndipo akashika kisu.

Sheria ilianza kutumika mwaka uliofuata, ila mkalimani wa zahanati huja Jumanne tu. Siku nyingine binti huomba ruhusa kazini akamsindikize. Kwenye benchi la kusubiri, mama huikamata mikono ya bintiye na kuilaza mapajani mwake. Ikishikwa hivyo haiwezi kusema lolote, na binti husinzia.