Apollinarie anasubiri bip kutoka Lubarika

Saa mbili asubuhi umeme bado upo, na Apollinarie Irambona anauwahi kabla haujaghairi. Amekaa kando ya dirisha la chumba chake katika mtaa wa Kimanga, Uvira, kompyuta mapajani, na mkononi ameshika simu ndogo ya vitufe iliyofungwa raba ili betri isidondoke. Anabonyeza, anasubiri. Maneno yanapotokea anaguna, anafuta kitu kwenye kompyuta, anaanza upya.

Simu hiyo haimpigii mtu. Aliinunua sokoni ikiwa imeshachoka, kwa sababu inafanana kabisa na ya baba yake, Mzee Frédéric Nshimirimana, mkulima wa mihogo kule Lubarika, katika bonde la Ruzizi.

“Page ikifunguka hapa, itafunguka kwa baba,” anasema. “Ikikatala hapa, hata ikuwe muzuri namna gani kwa ordinateur hii ya mapajani, iko bure.”

Apollinarie, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, hutengeneza tovuti. Ni kazi isiyo na kijiwe. Seremala ana wenzake wa kupiga nao soga, muuza samaki ana wapinzani wa kugombana nao, lakini yeye hata akikwama hana wa kumuuliza. Wateja wake ni maduka ya dawa, shule na kwaya, na wengine humlipa kwa mchele wa Sange.

“Muchele iko mingi kuliko midomo,” anasema, akionyesha gunia lililoegemea ukuta. Anatabasamu kidogo, kisha anaacha.

Zamani midomo ilikuwepo. Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia katika nyumba yao ya kupanga, baba na wadogo zake walihamia shamba la ukoo Lubarika. Yeye alibaki mjini kwa sababu ya mtandao, ambao kule kijijini huja na kuondoka upendavyo. Kwa hiyo kazi yake ni kuwaunganisha watu, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyomtenga na watu wake.

Majirani wao wa zamani nao walitawanyika. Wengine wako Sange, wengine Bujumbura, wengine wamepanda hadi Mulenge. Walipokuwa pamoja, mtu akifariki tangazo lilisomwa mwisho wa misa na wote wakalisikia. Baada ya kutawanyika walianza kukosa maziko, na hapa mtu asiyefika kwenye kilio husemwa kwa miaka. Ndipo walipomwomba Apollinarie awatengenezee tovuti ya matangazo ya vilio.

Aliifanya kwa moyo wote, na moyo wote ndio uliomponza. Alichagua kiunzi kikubwa, yaani mifupa ya tovuti iliyo tayari, alichofundishwa kwenye semina, chenye picha zinazoteleza na menyu zinazojikunja. Tovuti ilijipanga yenyewe kufuata upana wa kioo, kama inavyotakiwa. Aliijaribu kwa kubana dirisha la kompyuta hadi likawa jembamba kama simu, akaridhika.

Kosa la pili lilitoka kwa familia zenyewe. Wafiwa wa Uvira huleta picha kubwa ya studio, marehemu akiwa amevaa suti, na hutaka itangulie kila kitu. Kutanguliza maandishi ni kama kumwingiza mgeni kwa mlango wa jikoni. Apollinarie, mtoto wa hapahapa, aliona ni sawa. Picha ikawa juu, mahali na saa ya maziko vikawa chini.

Mwaka jana alifariki Protais, jirani yao wa ukuta kwa ukuta na rafiki wa Mzee Frédéric tangu ujana. Wawili hao walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki atambebea mwenzake msalaba mbele ya jeneza. Apollinarie alitengeneza tangazo, akamtumia baba yake anwani ya ukurasa kwa ujumbe, akaendelea kusaidia msibani. Hakupiga simu. Aliamini ukurasa wake.

“Baba alifungua, akaona weupe tu,” anasema. “Ile picha ya suti ilikuwa nzito, simu yake ikashindwa. Alisema pengine simu njo imekufa, akaizima, akaenda shambani. Ile asubuhi ya kesho yake njo muntu mumoja alimupa pole barabarani, maziko yamekwisha.”

Msalaba ulibebwa na kijana ambaye Protais hakumjua vizuri.

Mzee Frédéric hakugomba, na ni heri angegomba. Ila tangu hapo aliacha bip. Kila jioni baada ya rozari alikuwa akimpigia binti yake, simu inaita mara moja, anakata kabla unité za salio hazijaliwa. Maana yake: nimefika, nimekula, lala salama. Apollinarie akipiga, baba hupokea, huuliza habari za afya, husema mvua imenyesha au haijanyesha. Lakini bip haijarudi.

“Ile jioni njo iko kali,” anasema. “Unangojea kitu hata kisicho na maneno. Nabaki nasikiliza maji ya ziwa tu.”

Ndiyo maana amebomoa tovuti yote. Alijaribu kwanza zana za kupanga kurasa kwa kuburuta vipande. Ziliharakisha kazi, lakini kila ukurasa ulitoka na mizigo asiyoiomba. Alijaribu kiunzi kingine kidogo, kikafunguka kwenye simu tano na kukwama kwenye hii ya raba. Mwisho alirudi kwenye HTML tupu, lugha ya msingi ya kurasa za mtandao, na mistari michache ya CSS ya kuzipanga, aliyoiandika kwa mkono. Maneno huanza kujipanga kwa upana wa kioo kidogo, kisha hujitanua kwenye kikubwa. Picha haiji mpaka uiombe.

Ukurasa uliokuwa na uzito wa megabaiti tatu sasa haufiki kilobaiti ishirini. Hauna urembo. Yeye mwenyewe anaulinganisha na ugali bila mboga.

Saa nne mlango unagongwa. Ni Noella, mjane wa Protais. Jumamosi familia inamaliza kilio, kwa misa na chakula cha kufunga msiba, na amekuja kuona tangazo. Analisoma kwenye simu ya raba, midomo ikitembea, kisha anainua macho.

“Na bwana yangu iko wapi?”

“Iko hapa chini, mama. Unafinya hapa, anatokea.”

“Kwa hiyo muntu anapiga hodi kwanza ndiyo amuone?” Noella anaketi kitandani. “Weye unamuficha Protais wangu.”

Apollinarie anapiga magoti mbele yake, kama anavyopaswa mdogo kwa mkubwa. “Mama Noella, tulimuweka mbele, na rafiki yake hakufika. Minye njo nilikosa. Leo nataka baba ajue siku na saa, hata kama hataona suti.”

Noella anasoma tena siku na saa. Anarudisha simu taratibu. “Frédéric angebeba ule musalaba vizuri,” anasema mwishowe. “Uache hivyo.”

Noella akiisha kuondoka, Apollinarie anatuma anwani ya ukurasa Lubarika. Mwandishi anamuuliza, kwa nini asipige tu simu?

“Nikimupigia, atakuja juu ya minye, sababu mutoto wake ameomba. Nataka akuje juu ya tangazo.” Anatazama dirisha. “Lakini kesho asubuhi kama haiko jibu, nitapiga. Siwezi kumukosesha mara mbili juu ya kichwa nguvu yangu.”

Mchana unapita, umeme unakatika. Apollinarie anataja mipango yake: kuwatengenezea waumini wa parokia za bonde ukurasa mwepesi kama huu wa vilio, kumfundisha mdogo wake msichana kazi, ili kuwe na wa kuulizana naye. Anaeleza kwa bidii, lakini jicho liko kwenye simu yake iliyo juu ya gunia.

Jioni, wakati mwandishi akikusanya vitu vyake, simu inaita mara moja na kukatika. Kwenye kioo limeandikwa neno moja, Baba.

Apollinarie hampigii. Anaiweka kifuani kwa muda, kisha anafungua gunia la mchele na kupima vikombe vya watu wawili, anaviweka kando kwa ajili ya Jumamosi, baba atakapofika.