Mbuzi wa Majani

Juzi nilipotoka shifti alfajiri, nilimkuta mbweha akipekua mapipa ya taka nje ya fleti zetu hapa Edmonton, London, nikakumbuka mchana ule wa utotoni, kule kwetu, Baba alipotengeneza mbuzi wa bandia.

Mbweha walikuwa wanatumalizia vitoto vya mbuzi. Baba alichukua ngozi ya kimoja kilichokufa, akaijaza majani makavu, nami nikamshikia huku akishona. Ilinuka moshi na maziwa yaliyochacha. Alisema ili mbweha adanganyike usiku, lazima mtu ajifiche karibu, alie kama kitoto cha mbuzi. Basi nililia mchana kutwa, mpaka mbuzi mmoja aliyefiwa akaja mbio, akaninusa usoni.

“Huyu anajua,” Baba alisema. Nikadhani anayejua ndiye anayekwenda.

Jua lilipozama alimchukua kaka yangu Musa, ambaye kilio chake kilikuwa kama mlango mbovu. “Wewe mtoto wa kike, baki na mama yako,” aliniambia.

Walirudi asubuhi mikono mitupu. “Mbweha wa siku hizi ni wajanja,” Baba alisema, akinywa chai niliyopika mimi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Bado inaniuma.

Pale kwenye mapipa, nikiwa mtu mzima mwenye beji ya kazi shingoni, nililia kilio kile cha kitoto cha mbuzi mara moja, polepole. Mbweha wa London, ambaye sidhani kama amewahi kumwona mbuzi, akaacha taka, akasimamisha masikio, akaanza kunijia.