Silinda Moja

Jumanne nilikuwa kwenye ukaguzi wa magari, nimepanga foleni nyuma ya mzee wa Makongeni, fundi mstaafu wa reli. Kigari chake cha milango miwili ni rika langu. Injini ilipokufa na spea zikakosekana, alikifungia ya pikipiki kwa mikono yake mwenyewe. Pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, kwa hiyo akaitega stata ya zamani, ile mota ya kuwashia injini, izungushe magurudumu kinyume. Tulikiona kikirudi nyuma taratibu, kama mkwe anayeaga.

Dirishani, karani hakuinua macho. "Silinda ngapi?"

"Moja."

"Hapa kuna nne, sita na nane. Moja ni ya pikipiki. Enda dirisha la pili."

Dirisha la pili walimuuliza magurudumu mangapi. Aliposema manne, wakamrudisha la kwanza.

"Basi toka nje ukiangalie," mzee akasema.

"Mzee wangu, mimi naangalia fomu."

Kila mkutano tunahubiriwa tutumie akili zetu. Mzee ametumia zake, na kumbe fomu haikuziachia nafasi. Alikunja karatasi zake mara nne, akaketi kwenye benchi.

Saa saba karani alitoka kwenda kula. Alipokiona kigari alicheka, akaegemea boneti, akaninyooshea simu yake.

"Nipige picha moja, bosi wangu."

Nikamwambia aende dirisha la pili.