Jeneza Nililolisimamisha

Kazi yangu ni kutazama. Nnakaa kitini muda wa saa nane mbele ya kioo, nnatazama picha zinazoletwa na ndege isiyo na rubani. Ndege yenyewe haichoki. Hupaa leo ikashuka kesho, inazunguka juu ya jangwa la mpakani, na walio chini hawaisikii wala hawaioni. Watu huniambia, mashaallah, kazi nzuri, ofisini kwenye baridi. Baridi ipo, siwezi kukataa.

Mama naye ana kazi yake: anakosha maiti wa kike. Tunakaa Al Amerat, huku kwa Waarabu, na katika nyumba za watu wetu, wale wenye asili ya Unguja, mwanamke akifariki simu ya kwanza huja kwa mama. Halipwi, na ukimtajia malipo atakutolea maneno. Kwake kukosha ni kusitiri. Shuka haiondoki juu ya maiti tangu mwanzo hata mwisho, mkono unapita chini yake, na jicho halifuati mkono. Aliponifunza alikuwa akinichapa kiganja kila nikichungulia. "Macho hayana pazia, mama," nikamtania siku moja. "Basi yafumbe," akasema.

Mie ndiye binti yake wa pekee, na moyo wake umeanza kudhoofu, daktari keshatwambia. Tulikuwa tumeshaahidiana: siku yake ikifika, nitamkosha mie kwa mikono yangu. Nililitaka hilo kuliko nilivyopata kutaka mume, na nnasema hivi bila ya haya. Nyumba yetu hainifai kitu kama si mie nitakayemmwagia mama maji ya mwisho.

Sasa nisikilize. Asubuhi moja, kumeanza kupambazuka, mwenzangu wa zamu alinyanyuka kwenda kusali. Ni mwanamme wa milimani huko, mtu mpole. Mie nilikuwa katika siku zangu, siswali, nikabaki peke yangu. Utaratibu wetu ni kwamba taarifa haitoki mpaka watu wawili watazame. Mara nikaona wanaume wanatoka katika nyumba moja pembezoni mwa jangwa, kumi, kisha thalathini. Wamebeba kitu kirefu juu ya mabega. Wanakwenda mbio mbio kuelekea vilimani, na kila hatua chache wanapokezana, huyu anatoka, yule anaingia, kama kwamba mzigo unawaunguza. Hapana mwanamke hata mmoja.

Kamera ile inaona joto. Mtu aliye hai huonekana mweupe, mbuzi mweupe, hata jiko lililozimwa jana lina weupe wake kidogo. Ule mzigo ulikuwa mweusi tititi. Baridi. Nikasema chuma hicho, silaha hizo. Wakifika vilimani tutawapoteza, na mwenzangu bado yuko kwenye mkeka. Nikapeleka taarifa kwa askari wa doria peke yangu.

Utaniuliza, we mwanamke wa Kiislamu, mtoto wa mkosha maiti, hujui jeneza? Nnalijua! Lakini nnalijua kwa ndani. Kwetu wanawake hatufuati jeneza. Tunakosha, tunavika sanda, tunafukiza udi, wanaume wanakuja kulichukua, na likishavuka kizingiti sisi tunarudi ndani kulia. Nnalijua kwa sauti, ile kalima inayokwenda ikififia njiani. Namna linavyokimbizwa, namna kila mtu anavyogombania bega lake apate thawabu, umri wangu wote huu sijapata kuyaona. Na ndege ile, pamoja na ughali wake wote, haina masikio.

Mwenzangu akarudi anakunjua mikono ya kanzu. Akatazama kioo, rangi ikamtoka. "Ukhti, hili jeneza!" Nikaikamata simu. Aliyepokea akaniambia nisubiri. Nikapiga tena, nisubiri. Gari mbili za doria zilikuwa zimeshafika, na mie nnazitazama kutoka juu, mkono mmoja simu, mkono mmoja kichwani.

Wakalazimishwa kulitua chini. Mzee mmoja alikuwa akinyoosha mikono kwa wale askari, anakwenda huku anarudi kule, mpaka wakamweka kando. Kisha nikaona wanaume wanavua vilemba vyao, wanavikunjua na kuvitandaza wakazunguka, wanafanya ukuta wa nguo. Mwenzangu akageuza uso. "Mwanamke huyo," akasema. Ukuta ule uliwaziba wote waliosimama chini. Mie nilikuwa juu. Nikawaona askari wakiifungua sanda.

Taarifa ya baadaye ilisema hapana aliyedhurika. Astaghfirullah! Hapana aliyedhurika! Mkubwa wangu alinipa onyo la karatasi moja kwa kutongoja mtu wa pili, akaniambia nisijitie unyonge, makosa hutokea. Nikamwuliza kama naweza kuwapelekea wale watu salamu, niwaombe radhi. Akanitazama kama mwendawazimu. Watu gani? Wale hawajui hata kwamba sisi tupo. Mlango wao nnaujua, ugo wa mbuzi wao nnaujua, na ruhusa ya kuugonga sina.

Nilikula kiapo cha kutosema ya kazini. Nilikaa nalo wiki tatu, likanishinda, nikamwambia mama. Alikuwa kitandani, nnamkanda miguu. Nilimsimulia yote na nilitaka anikumbatie, sikufichi, nilitaka aseme, mwanangu, hukukusudia.

Akauliza, "Ulitazama?"

"Mama, nilikuwa kazini."

"Mwizi naye yuko kazini. Nnakuuliza, walipomfunua, ulitazama?"

Ningeweza kusema uongo. Mwenzangu aligeuza uso, na hakuna aliyemkataza. Mie sikugeuza. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda ni mazoea, miaka yote nnalipwa nisiondoe jicho. "Nilitazama," nikasema.

Akairudisha miguu yake chini ya shuka, taratibu, mguu mmoja kisha wa pili.

"Basi nitamwambia shoga yangu wa nyumba ya pili. Yeye atanikosha. Weye utakaa ukumbini na wageni."

"Mama, mie ni mwanao! Hiyo ni haki yangu!"

"Na yule bibi hakuwa na mtoto?"

Hakupandisha sauti. Alinitaka nimfungie dirisha kwa sababu upepo wa joto umeanza kuingia, nikafunga. Shoga yake alikuja baada ya sala ya alasiri, wakafungiana chumbani, na alipotoka alinishika bega akanambia nisihofu, keshafahamishwa kila kitu, mpaka sanda iko wapi. Nikamwambia ahsante, bibi. Nikamtilia kahawa.