Ahadi ya Ndevu za Pamba

Usiku wa kuamkia Krismasi nyumba yetu haikulala. Kitinda, mwanangu wa mwisho, alikaa kwenye mkeka akiutazama mlango wa mbele. Ana miaka saba, na kwa kawaida usingizi humchukua kijiko kikiwa bado mdomoni. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, Biblia mapajani, ukurasa haugeuki. Mimi nilikuwa nikimpigia simu Fundi Kitasa, na kila nikipiga naambiwa hapatikani.

Fundi alikuwa ametoka jioni kwenda upande wa pili wa mji kumtafuta mwanangu mkubwa, ambaye alikuwa hajakanyaga nyumba hii mwaka mzima. Hakutumwa na mtu. Alikwenda kwa sababu alikuwa ametoa ahadi, na ahadi yenyewe aliitoa akiwa amevaa ndevu za pamba.

Lazima nimweleze Fundi, maana asiyemjua atadhani tulikuwa tunangoja mwendawazimu.

Kibanda chake kimeegemea ukuta wa kanisa letu. Ndani mna jiliwa la kubania chuma, tupa za kila unene, na waya mrefu uliotungwa funguo ambazo milango yake ilishakufa. Alifiwa na mkewe, hakujaliwa mtoto, na ni mwembamba kiasi kwamba watoto wa mtaani humwambia amejichonga mwenyewe kwa tupa. Naye huwajibu, "Ndiyo, na nyie mmebaki na makali, njooni niwapitishie tupa."

Ana sheria moja. Hachongi ufunguo mpaka auone mlango, na mwenye mlango aufungue mbele ya macho yake. Ukimletea ufunguo mkononi ukamwambia akutolee wa pili, atakuuliza, "Mlango uko wapi?" Siku moja jirani yetu alijifungia nje, moshi unatoka dirishani, sufuria inaungua jikoni. Fundi akaja mbio na vyombo vyake, akasimama, akamgeukia mtu wa nyumba ya pili: "Huyu ndiye mwenye nyumba?"

"Fundi, kwani mwizi huinjika maharage?"

"Mwizi naye anakula," akasema, na hakugusa kitasa mpaka alipojibiwa sawasawa.

Mtu wa namna hiyo ndiye mume wangu alimtaka awe Baba Krismasi.

Mume wangu ni mtunza stoo kazini na mzee wa kanisa Jumapili. Aliona watoto wanapungua kanisani, akasema, mtoto huja kwa peremende akabaki kwa Neno. Akina mama tulishona joho na suruali nyekundu kutoka kwenye mapazia ya zamani ya kanisa, tukanunua pamba duka la dawa, tukatafuta mto wa kujaza tumbo. Fundi akakataa.

"Mzee, mimi na uongo hatujuani."

"Si uongo, Fundi. Ni mchezo."

"Mchezo, wote wanaocheza wanajua wanacheza. Hapa nitajua mimi peke yangu."

Mume wangu akamsihi, na mwishowe Fundi akakubali kwa sharti lake mwenyewe: hataahidi kitu. Atakaa kwenye kiti, watoto watamnong'oneza haja zao, naye atasema neno moja tu, "Nimesikia." Kusikia si kuahidi. Watoto walijaa kanisani mpaka tukaazima mabenchi, na kwa miaka kadhaa sikumsikia akivuka neno lile.

Aliyekataa kabisa alikuwa mwanangu mkubwa, binti yangu. Anafanya kazi ya kuoka mikate, na wakati huo alikuwa akifundisha watoto Jumapili. Watu husema vijana wa siku hizi hawamjui Mungu. Huyu alimjua mpaka akatuchosha. Mezani alimwambia baba yake, "Baba, tunawaambia Mungu hawamwoni lakini yupo. Baba Krismasi naye hawamwoni ila mara moja kwa mwaka, tunawaambia yupo. Wakijua hili la pili ni Fundi na pamba, lile la kwanza wataliweka wapi?"

"Wewe ulipokuwa mdogo ulidanganywa kwamba ukimeza mbegu utaota mti tumboni. Umekufa?"

"Sikuwa nausali ule mti."

Mimi nilikuwa nagawa mboga. Nilimwona baba yake akifunga taya, nami nikajua maneno hayo yatatutoa damu.

Krismasi iliyopita, Kitinda akiwa nyumbani na tetekuwanga, dada yake alisimama mbele ya watoto wote, Baba Krismasi ameketi palepale, akasema kwa upole kabisa, "Wanangu, huyu ni Fundi Kitasa. Anawapenda, na zawadi wamenunua wazazi wenu." Watoto wengine walilia. Mama mmoja akafunika masikio ya mwanawe. Mume wangu akapanda mbele akicheka kicheko cha jino pembe, akasema, "Mwalimu wenu anatania." Watoto wakapokea walilolitaka, wakaendelea.

Nyumbani hakucheka. Alimwambia binti aombe radhi mbele ya kanisa, la sivyo asirudi. Binti akasema hawezi kuomba radhi kwa ukweli. Alibeba mfuko wake akaondoka, na kesho yake Fundi Kitasa aliitwa kubadilisha kitasa cha mlango wetu wa mbele. Aliuliza kama kawaida mwenye mlango ni nani. Mume wangu akasema, "Mimi." Fundi akafanya kazi yake bila kuniangalia.

Kitinda tulimwambia dada amesafiri kikazi. Mimi nilikuwa nakutana na mwanangu kwa kuibia, sokoni, tunashikana mikono chini ya mizani kama wezi. Nyumba ilizoea, au nilidhani imezoea.

Sasa nifike mchana wa siku hiyo hiyo, siku ya zawadi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Baba Krismasi na kapu la peremende. Mtoto mmoja akataka mpira, "Nimesikia." Mwingine akataka baiskeli, kisha akarudi kusema yenye kengele, "Nimesikia, na kengele nimeisikia." Ikafika zamu ya Kitinda. Hakunong'ona. Alisimama wima, mikono nyuma, kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Baba Krismasi, naomba umsamehe dada yangu. Watoto wameniambia alikukana mbele ya watu, ndiyo maana ukamwondoa. Mimi nakuamini. Mrudishe, na zawadi yangu usinipe."

Kapu lilinitoka mkononi. Peremende zilitawanyika sakafuni na hakuna mtoto aliyeinama kuokota. Nilimwona Fundi macho, kwani ndiyo pekee yaliyokuwa yake usoni pale. Yalikuwa yamemtoka kama ya mtu aliyepigwa kofi gizani. Alifungua mdomo, nikangoja neno lake.

"Atakuja," akasema. "Krismasi atakuwa nyumbani."

Baadaye nilimkuta nyuma ya kanisa akibandua ndevu, gundi inamvuta ngozi.

"Shemeji, nimesema nini pale?"

"Umesema atakuja."

"Nilidhani nimesema nimesikia." Akakaa kwenye jiwe, mto bado umo tumboni. "Mtoto anadhani mimi ndiye niliyemfukuza dada yake. Mimi, shemeji. Ningemwambiaje nimesikia?" Halafu akasimama. "Haya, anakaa wapi?"

Nilimwelekeza chumba alichopanga mwanangu na tanuri anakofanyia kazi. Suruali yake Fundi ilikuwa imefungiwa kwenye chumba cha mavazi, na mtunza kanisa alikuwa ameondoka na ufunguo. Kitasa kile Fundi angekifungua kwa kipande cha waya huku anapiga mluzi. Hakukigusa. Mlango haukuwa wake. Alivua joho na mto, akabaki na shati lake juu ya suruali nyekundu ya mapazia, akaenda zake kuvuka mji, watu wanageuka kumtazama.

Jioni ile kwenye sala ya nyumbani, kila mtu hutaja analoshukuru. Zamu ya Kitinda ilipofika alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, macho kafumba:

"Namshukuru Baba Krismasi. Mungu nimemwomba dada arudi tangu alipoondoka, hajajibu. Kumbe nilikuwa nakosea mlango. Aliyekasirika alikuwa Baba Krismasi. Leo nimemwomba yeye, amekubali palepale. Amina."

Hakuna aliyeitikia amina. Nilifumbua macho nikamtazama mume wangu. Mtu huyu nimezika naye mama yake, nimemwona siku stoo ilipoungua, lakini uso ule sikuwa nimeuona. Mtoto wake alikuwa amepima mbele yetu, kwa hesabu safi ya mtoto, akamwacha Mungu. Na mizani alipewa hapa hapa nyumbani. Mimi si msomi na mabishano yao sikuyafuata yote, lakini jioni ile nilikumbuka neno la binti yangu kuhusu lile la kwanza wataliweka wapi.

"Nani... nani alikwambia dada aliondolewa?" mume wangu akauliza.

"Watoto wote wanajua. Kwani si kweli?"

Ndipo mume wangu akakaa kwenye kile kiti na Biblia, na ndivyo usiku ulivyotukuta.

Nilihofia mengi. Nilihofia Fundi amepigwa njiani kwa ile suruali. Nilihofia binti amekataa. Zaidi nilihofia asubuhi: kwamba mlango ungebaki kimya, na Kitinda angeamka hana dada, hana Baba Krismasi, na huyo Mungu mwenyewe alishamweka kando tangu jana.

Kulipopambazuka tukasikia hatua barazani. Kitinda aliruka dirishani kabla sijamshika, akapenua pazia.

"Dada! Mama, ni dada!" Kisha akabandika pua kwenye kioo. Akageuka polepole. "Baba, yuko na Fundi Kitasa. Mbona amevaa suruali ya Baba Krismasi?"

Mume wangu alisimama. Nilimfahamu, nikauona uongo ukimjia kama mbwa wa nyumbani anayejua njia. Ilikuwa rahisi. Angesema Fundi ameiazima. Angesema ametumwa. Mdomo ukafunguka.

Hapo sauti ya binti yangu ikapita mlangoni, imechoka, ni mtu aliyetoka zamu ya usiku.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba," akajibu, kama mtu aliyeshtukizwa.

"Fundi ameniambia mdogo wangu anadhani nini. Nimekuja kwa sababu hiyo. Ila siingii kwa ahadi ya Baba Krismasi. Nikiingia hivyo ataishika imani hiyo mpaka uzeeni. Mwambie ukweli kwanza. Usipomwambia, nitamsalimia hapa dirishani nirudi."

"Fundi," mume wangu akaita, "wewe ndiye uliyekifunga kitasa hiki. Huwezi kukifungua tukamaliza?"

"Naweza, Mzee," sauti ya Fundi ikasema. "Lakini uliniambia mwenye mlango ni wewe."

Kitinda alikuwa akitutazama mmoja mmoja. Mume wangu alipiga magoti mbele yake, magoti yakalia, na sikuwahi kumwona akipiga magoti mbele ya mtu, huwa anapiga mbele ya Mungu tu.

"Ile suruali si ya kuazima," akasema. "Baba Krismasi ni Fundi. Miaka yote ni yeye. Mimi ndiye niliyemwomba ajifanye."

"Na dada?"

"Dada alisema ukweli. Hakuna aliyemwondoa ila mimi. Wala hakusafiri."

Nilingoja alie. Hakulia. Alimtazama baba yake kama vile watoto wanavyomtazama mbwa wa nyumbani aliyewauma, bado hawajui waumie wapi.

"Kwa hiyo ufunguo unao wewe?"

"Ninao."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile, mwanangu."

"Na nilikuwa naomba chumbani, wewe umekaa hapa, unao?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Kitinda alisogea kando kidogo, akampisha njia.

"Basi fungua."

Akatoa ufunguo mfukoni mwa shati. Ukagonga chuma mara mbili kabla ya kuingia. Akazungusha. Haukuzunguka. Akazungusha tena kwa nguvu, mbao zikalia, nami nikashika kiuno nikiomba, sijui hata kwa maneno gani.

"Mlango umevimba kwa mvua, Mzee," Fundi akasema kutoka nje, taratibu, kama yuko kibandani kwake. "Usiulazimishe. Uvute kwako kwanza."

Akauvuta kwake. Kitasa kikalia mara moja, mlango ukakwaruza sakafu, ukafunguka.