Kuku Niliyemzika kwa Mdomo

Ugonjwa ulimaliza kuku wangu wote, akabaki mmoja mwekundu, naye hoi. Nilimlaza chumbani kwenye karai, nikawa namnywesha maji ya shubiri kwa kijiko. Mama mkwe akatokea kutoka Sigalame bila taarifa. Kwetu mama mkwe lazima achinjiwe kuku, na mimi sikuwa na moyo huo.

"Wote walikufa, mama," nikadanganya.

"Hata yule mwekundu niliyekupa?"

"Hata yeye," nikasema, na machozi nikayalazimisha.

"Pole, mwanangu." Akakubali sukuma wiki.

Alikuwa bado anakula wakati pazia la chumbani liliposogea. Mwekundu akatoka akiyumba, akasimama miguuni pake, akaanza kudonoa makombo ya ugali. Mama mkwe akaacha kutafuna.

Siku nne nilikuwa nimemwombea kuku huyo apate hamu ya kula.